Mkopo wa Chuo Marekani na Ritani ya Kodi: Nani Amwandike Mwanafunzi, na Deni Liwe kwa Jina la Nani

Mkopo wa masomo haumo kwenye mapato ya mwanafunzi, lakini umo kwenye matunzo yake. Ukiishika kanuni hiyo, nusu ya maswali ya kodi kuhusu chuo yanajijibu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitozi kodi pesa ya mkopo kwa sababu ni deni litakalorudishwa. Lakini IRS hiyohiyo ikiuliza ni nani aliyemtunza mwanafunzi mwaka mzima, kila dola aliyokopa kwa jina lake na kuitumia huhesabiwa kuwa amejitunza mwenyewe. Hapo ndipo familia nyingi zetu, kutoka Texas hadi Maine, hupoteza maelfu ya dola bila kujua, au huandika kitu kisicho sahihi na kupokea barua ya IRS baadaye, pesa ikiwa imeshatumika.

Mwongozo huu ni wa wazazi na wanafunzi wanaoishi Marekani kama raia, wenye kadi ya kijani, au wakimbizi waliopokewa. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dodoma kwa viza ya masomo ya F-1 ana njia yake. Kwa kawaida, katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, kwa upande wa kodi hahesabiwi kuwa mkazi. Huwasilisha Fomu 8843, na 1040-NR (ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ya wasio wakazi) akiwa na kipato cha Marekani, na krediti, yaani nafuu zinazokatwa moja kwa moja kwenye kodi, nitakazozieleza hapa kwa kawaida hazimhusu. Viwango nitakavyotaja ni vya ritani za mwaka 2025, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Hatua ya 1: Kusanyeni karatasi kabla ya kuanza kubishana

Karatasi ya kwanza ni Fomu 1098-T kutoka chuoni. Vyuo vingi siku hizi havitumi kwa posta; vinaiweka kwenye akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, kwa hiyo mzazi hataiona mpaka mtoto aipakue. Kisanduku namba 1 kinaonyesha malipo ya ada yaliyopokelewa mwaka ule, hata kama yalilipwa kwa mkopo. Kisanduku namba 5 kinaonyesha ruzuku na skolashipu. Mkopo hauingii namba 5, na hilo ni zuri kwenu, mtaona kwa nini.

Ya pili ni Fomu 1098-E kutoka kwa kampuni inayosimamia mkopo, kama riba iliyolipwa kwa mwaka ilifika dola 600. Riba ikiwa chini ya hapo huenda wasikutumie, lakini haki ya kuitumia bado unayo. Ingia kwenye akaunti uchukue jumla.

Ya tatu ni W-2, yaani fomu za mshahara wa mwaka, za kazi za mwanafunzi, pamoja na ile ya kazi za chuoni zinazolipwa kupitia mpango wa work-study. Huo ni mshahara kama mshahara mwingine.

Ya nne, ambayo watu huisahau, ni taarifa kamili ya akaunti ya mwanafunzi chuoni, inayoonyesha kila muhula ada ilikuwa kiasi gani, ruzuku ipi iliingia lini, mkopo upi uliingia lini, na kiasi gani kilibaki na kurudishwa kwa mwanafunzi. Wale waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wangeiita ile inayobaki bumu. Ikitokana na mkopo, haina kodi. Ikitokana na ruzuku na ikatumika kwa chakula au pango, ina kodi. Ndiyo maana 1098-T peke yake haitoshi.

Ingieni pia studentaid.gov muone mikopo ya serikali imeandikwa kwa jina la nani. Wazazi wengi wanaamini mkopo ni wa mtoto kumbe ni Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, yaani deni la mzazi mwenyewe. Wengine wanaamini kinyume chake.

Hatua ya 2: Pimeni kama mwanafunzi ni mtegemezi kwa macho ya IRS

Hili si jambo la kuchagua mezani. Kuna vipimo, na mwanafunzi lazima avipite vyote ndipo mzazi amwandike kama mtegemezi kwenye ritani yake.

Undugu: mtoto wako wa kuzaa, wa kuasili au wa kambo, mtoto wa malezi uliyekabidhiwa rasmi, ndugu yako, mjukuu, au mtoto wa kaka au dada yako. Mtoto wa binamu yako hayumo, hata kama amekuwa kwako tangu kambini Nyarugusu na anakuita baba. Huyo anaweza kuingia kwa njia nyingine tu: aishi kwako mwaka mzima, kipato chake kisifike dola 5,200, na wewe uwe umebeba zaidi ya nusu ya matunzo yake.

Umri: awe chini ya miaka 19 mwisho wa mwaka, au chini ya 24 akiwa amesoma kwa muda kamili angalau sehemu ya miezi mitano ya mwaka huo. Miezi si lazima ifuatane. Aliyemaliza chuo mwezi Mei, aliyesoma Januari hadi Mei, bado anahesabika kwa mwaka ule. Familia nyingi humwondoa mapema bila sababu.

Makazi: awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Bweni halivunji kipimo hiki. Kuwa mbali kwa ajili ya masomo huhesabiwa kuwa safari ya muda.

Uraia au ukazi: awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Mexico. Kwa hiyo mdogo wako unayemlipia ada Bukavu au Bujumbura, ambaye hana hadhi yoyote Marekani, haingii kwenye ritani yako hata kama ada yote inatoka mfukoni mwako.

Ndoa: asiwe amewasilisha ritani ya pamoja na mwenzi wake, isipokuwa kama ni kwa ajili ya kurudishiwa tu kodi iliyokatwa.

Kinabaki kipimo cha matunzo, na ndicho kinachoguswa na mkopo.

Hatua ya 3: Fanyeni hesabu ya matunzo kwa kalamu

Kwa mtoto anayesoma, swali haliulizi kama mzazi alilipa zaidi ya nusu. Linauliza kama mtoto mwenyewe alijilipia zaidi ya nusu. Tofauti ni kubwa. Mtoto anaweza kutunzwa na skolashipu kwa sehemu kubwa, mzazi akachangia kidogo, na bado akabaki mtegemezi.

Andikeni matumizi yote ya mtoto kuanzia Januari hadi Desemba, si kwa mwaka wa masomo: ada, bweni, chakula, vitabu, nguo, matibabu na bima, usafiri, simu, na thamani ya chumba chake nyumbani kwenu wakati wa likizo. Thamani hiyo ni ile ambayo chumba kingepangishwa mtaani, wala si malipo yenu ya mkopo wa nyumba.

Kisha andikeni nani alileta nini. Upande wa mtoto weka mshahara wake alioutumia na mikopo aliyokopa kwa jina lake na kuitumia. Pesa aliyoiacha benki haihesabiwi. Skolashipu na ruzuku za masomo za mtoto wako haziwekwi upande wa mtoto. Parent PLUS ni pesa ya mzazi, kwa sababu mzazi ndiye mdaiwa.

Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni. Binti wa miaka 20 yuko mwaka wa pili katika chuo cha jimbo. Matumizi yake kwa mwaka ni dola 32,000: ada 12,000, bweni na chakula 11,000, vitabu 1,200, bima na nguo na usafiri 4,800, likizo nyumbani 3,000. Skolashipu imelipa 7,000. Amekopa mkopo wa serikali wa 6,500 na ametumia 3,000 za mshahara wake. Wazazi wametoa 3,500 taslimu na kwa thamani ya chumba. Zimebaki dola 12,000 za kutafutwa.

Wazazi wakizikopa wao kwa Parent PLUS, binti amejitunza kwa 9,500. Hata ukiiondoa skolashipu kabisa kwenye jumla, zinabaki 25,000, na 9,500 haifiki nusu yake. Ni mtegemezi.

Binti akizikopa mwenyewe benki, akiwa ndiye mdaiwa, amejitunza kwa 21,500. Hiyo ni zaidi ya nusu ya 25,000, na ni zaidi ya nusu hata ya 32,000. Si mtegemezi tena. Chuo ni kilekile, ada ileile, chakula kilekile. Kilichobadilika ni jina la mdaiwa.

Mzazi akiwa ametia saini kwenye mkataba wa benki kama mdaiwa mwenza, msikate shauri peke yenu. Upelekeni mkataba wenyewe kwa mtu anayejua kodi ausome.

Fomu ya kufanyia hesabu hii ipo tayari kwenye Publication 501 ya IRS, na ni ya bure. Ijazeni muiweke kwenye faili pamoja na risiti. IRS ikiuliza, ndiyo ushahidi wenu.

Hatua ya 4: Angalieni nini kinapotea akishakuwa si mtegemezi

Vijana hupenda kusikia kwamba wako huru kikodi, wakiamini watapata marejesho makubwa. Mara nyingi kinyume chake ndicho hutokea, kwa familia nzima.

Mzazi akimwandika mwanafunzi, kwanza anapata krediti ya dola 500 ya wategemezi wengine, yaani wasio watoto wa chini ya miaka 17. Pili, na ndiyo kubwa, anapata krediti iitwayo American Opportunity: hadi dola 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Inalipa dola 2,000 za kwanza zote za ada na vitabu, kisha asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata. Kati ya hizo 2,500, hadi 1,000 zinaweza kurudishwa taslimu hata kama hamdaiwi kodi yoyote. Mwanafunzi awe anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida, awe hajamaliza miaka minne ya kwanza ya chuo, na kwa mtu mmoja krediti iwe haijatumika zaidi ya miaka minne ya kodi. Kwa kuwa chuo cha miaka minne hugusa miaka mitano ya kalenda, mnaweza kuuacha mwaka ambao matumizi yalikuwa madogo, mara nyingi ule wa kwanza wenye muhula mmoja tu. Wazazi wanaowasilisha pamoja huipata kamili wakiwa na kipato hadi dola 160,000, ikipungua hadi kwisha 180,000. Kwa mzazi pekee ni 80,000 na 90,000.

Ada iliyolipwa kwa mkopo inahesabika kwenye krediti hii sawasawa na ada iliyolipwa taslimu, na inahesabika mwaka ilipolipwa chuoni, si mwaka mtakapomaliza deni. Hata mkopo ukiwa ni wa mtoto, mzazi anayemwandika ndiye anayechukua krediti, kwa kuwa malipo ya mtegemezi huchukuliwa kuwa ya mzazi. Malipo ya Desemba kwa ajili ya muhula unaoanza Januari hadi Machi nayo huingia mwaka wa malipo.

Turudi kwa binti wetu. Ada 12,000 ukitoa skolashipu 7,000 zinabaki 5,000, ongeza vitabu. Zimeshapita 4,000 zinazohitajika, kwa hiyo krediti kamili ya 2,500 ipo. Akiwa mtegemezi, wazazi wanaichukua. Asipokuwa mtegemezi, anaweza kuidai yeye mwenyewe, lakini mtego uko hapa: mwanafunzi wa muda kamili mwenye umri chini ya 24, ambaye kipato chake cha kazi hakifiki nusu ya matunzo yake na ana angalau mzazi mmoja aliye hai, hapewi ile sehemu ya kurudishwa taslimu. Mkopo si kipato cha kazi. Na kwa mshahara wa dola 3,000 hana kodi yoyote ya kupunguzwa. Kwa hiyo krediti yote inaishia hewani: mzazi haruhusiwi kuichukua, na mtoto hana pa kuitumia. Ukijumlisha na zile 500, jina la mdaiwa limeigharimu familia hadi dola 3,000 kwa mwaka mmoja. Mzazi asiye na mwenzi anaweza kupoteza na hadhi ya mkuu wa kaya (head of household), yenye kodi nafuu, pia, kama hakuna mwingine nyumbani anayempa haki hiyo.

Sisemi wazazi wote wakimbilie Parent PLUS. Ni deni lako mpaka uzeeni, na mtoto akishapata kazi nzuri hana wajibu wowote wa kisheria kulilipa. Kwa maoni yangu, mzazi wa miaka 55 asiye na akiba ya uzeeni asilichukue kwa ajili ya krediti ya 2,500. Kwa wakopaji wapya, kuanzia Julai 1, 2026, mkopo huo pia umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya kodi iwe mezani kabla ya kusaini. Wakati mwingine kupunguza mkopo wa benki kwa dola elfu kadhaa tu kunamrudisha mtoto chini ya nusu.

Kitu kimoja hakipotei, na hata baadhi ya watayarishaji wa ritani mitaani hawakijui. EITC, krediti ya wafanyakazi wenye kipato kidogo, haina kipimo cha matunzo. Mwanafunzi wa chini ya miaka 24 aliyejitunza kwa mikopo yake bado anaweza kuhesabiwa kwa EITC ya mzazi, mradi vipimo vya undugu, umri na makazi vimetimia na ana namba halali ya Social Security. Mtayarishaji akikuambia kila kitu kimefutika, mwambie aangalie tena.

Hatua ya 5: Kama kuna Pell, ipangeni vizuri

Pell Grant ni ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, si mkopo. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Sehemu iliyolipia ada na vitabu vinavyotakiwa haina kodi, lakini pia inaiondoa ada hiyo kwenye krediti. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo cha jamii mwenye ada ya 4,500 na Pell ya 7,395 anaonekana hana ada ya kudai hata senti.

Sheria inaruhusu mwanafunzi kuihesabu sehemu ya Pell kuwa imelipia pango na chakula, mradi kweli alikuwa na gharama hizo, hata kama chuo kiliielekeza kwenye ada. Sehemu hiyo inakuwa kipato chake kinachotozwa kodi, na huandikwa kwenye Schedule 1 ya ritani yake. Akiwa na mshahara mdogo, kipato chote kinabaki chini ya kiwango kisichotozwa kodi, hivyo halipi kitu, wakati mzazi anafungua mlango wa krediti ya hadi 2,500. Mkopo ukiwapo mambo huwa wazi zaidi: mkopo umelipa ada, Pell imelipa chakula.

Hili lisifanywe kwa kubahatisha. Kipato cha mwanafunzi kikiongezeka, kodi ya jimbo na misaada ya serikali inaweza kuguswa. Vituo vya VITA, vinavyoandaa ritani bure kwa familia za kipato cha chini na cha kati, hufanya hesabu hii. Waulizeni moja kwa moja, maana usipouliza huenda wakapita juu yake.

Hatua ya 6: Wasilisheni kwa mpangilio

Ugomvi wa Machi huwa ni huu: kijana kaenda kwenye simu yake, kajaza ritani kwa dakika 20 ili apate marejesho ya dola 180, na hakuweka alama kwenye kisanduku kinachosema kuna mtu anayeweza kumwandika kuwa mtegemezi. Mzazi akija kuwasilisha, ritani yake inakataliwa.

Mkubaliane Januari kwamba hakuna anayebonyeza kitufe kabla ya hesabu ya matunzo kukamilika. Mwanafunzi ambaye ni mtegemezi ana haki ya kuwasilisha ritani yake na kurudishiwa kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Anachotakiwa ni kuweka ile alama tu. Kisanduku kinauliza kama kuna anayeweza kumwandika, si kama ameamua kumwandika. Kwa mtegemezi mwenye mshahara pekee, hakuna ulazima wa kuwasilisha mpaka azidi dola 15,750, ila kama kodi ilikatwa, awasilishe ili airudishiwe.

Kama ameshakosea, arekebishe kwa Fomu 1040-X. Mzazi anaweza kuwasilisha kwa posta, au kwa mtandao akiwa na namba ya ulinzi ya IRS iitwayo IP PIN. Wote wawili mkinyamaza, mtapata barua ya CP87A inayomtaka aliyekosea ajirekebishe, na mkiipuuza hufuata ukaguzi.

Kuna hali moja ambapo mzazi afadhali asimwandike mtoto kwa makusudi: kipato cha mzazi kikiwa juu mno kwa krediti ya masomo, na mtoto ana mshahara unaodaiwa kodi. Mzazi akiacha kumwandika, mtoto anaweza kuichukua sehemu isiyorudishwa taslimu. Mtoto bado ataweka alama kwenye kisanduku.

Jambo jipya la kuwahi: kuanzia mwaka wa kodi 2026, krediti za masomo zinadai namba ya Social Security; ITIN, namba ya kodi ya wasio na Social Security, haitoshi tena.

Hatua ya 7: Msichanganye utegemezi wa IRS na wa FAFSA

FAFSA, fomu ya kuombea misaada na mikopo ya serikali, ina maana yake ya utegemezi, ambayo haitegemei nani alimwandika nani kwenye ritani. Kijana anayejitunza mwenyewe, anayelipa pango lake na hajaandikwa na mzazi kwa miaka mitatu, bado ni mtegemezi kwa FAFSA kama hajafika sifa zinazotakiwa. Sifa hizo ni kama kuwa amefikisha umri wa miaka 24 ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa msaada, kuoa au kuolewa, kusoma shahada ya uzamili au zaidi, kuwa na watoto anaowatunza, kuwa askari au aliyewahi kuwa askari, kuwa yatima au chini ya ulinzi wa mahakama baada ya kufikisha miaka 13, au kuwa kijana asiye na makazi wala mlezi. Kwa vijana waliokuja kama wakimbizi bila wazazi, hiyo ya yatima na walezi huwahusu wengi. Wasikubali kuambiwa tu kwamba lazima mzazi asaini; wamwombe afisa wa misaada chuoni apitie hali yao.

Kwa hiyo uvumi kwamba “msimwandike mtoto mwaka huu ili apate msaada mkubwa” ni wa kupuuzwa. Mnapoteza krediti, na hadhi ya mtoto kwa FAFSA haibadiliki. Tena FAFSA hutumia ritani ya miaka miwili nyuma: ya 2026–27 inaangalia kodi ya 2024.

Kinachobadilika mtu akiwa huru kwa FAFSA ni kiasi cha mkopo. Mtegemezi anaruhusiwa 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500, jumla isizidi 31,000. Aliye huru ana 9,500, 10,500 na 12,500, jumla 57,500. Mzazi akiomba Parent PLUS na kukataliwa kwa sababu ya historia mbaya ya mikopo, mtoto hupewa nyongeza ya 4,000 au 5,000 kwa jina lake. Nyongeza hiyo inaingia upande wake wa matunzo. Kukataliwa kwa mzazi mwezi Agosti kunaweza kumgeuza mtoto asiwe mtegemezi wa IRS ifikapo Desemba. Rudini Hatua ya 3 mkalihesabu.

Hatua ya 8: Deni likianza kulipwa

Riba iliyolipwa, hadi dola 2,500 kwa mwaka, inapunguzwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, bila kulazimika kuorodhesha matumizi mengine. Kwa asiye na ndoa, punguzo linaanza kupungua kipato kikifika 85,000 na linaisha 100,000. Kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja ni 170,000 na 200,000. Wanandoa wanaowasilisha kila mtu peke yake hawapati kitu.

Mwenye haki ni yule anayebanwa na deni kisheria. Baba anayelipa mkopo wa bintiye hawezi kudai riba hiyo, hata kama pesa imetoka kwenye akaunti yake. Binti naye hawezi akiwa bado ni mtegemezi. Akiacha kuwa mtegemezi, riba iliyolipwa na baba huchukuliwa kuwa zawadi kwa binti, kisha binti kailipa, na punguzo ni lake. Kwenye Parent PLUS mzazi hudai mwenyewe, mradi mtoto alikuwa mtegemezi wake mkopo ulipochukuliwa. Mkopo wa mzazi, babu, bibi, kaka au dada haumo, hata ukiandikiwa mkataba wenye riba na mashahidi.

Mwajiri akikulipia sehemu ya mkopo, hadi dola 5,250 kwa mwaka hazitozwi kodi. Ulizeni idara ya rasilimali watu. Hospitali na maghala makubwa mengi yana mipango ya masomo ambayo hakuna anayeitangaza.

Utegemezi hurudi tena hapa kwa sura nyingine. Mpango mpya wa malipo uitwao RAP, unaoanza Julai 2026, hupanga malipo kwa asilimia ya kipato kisha hupunguza dola 50 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mkopaji. Mzazi kijana aliyemwachia mzee wake amwandike mtoto wake kwenye ritani anajinyima dola 600 kwa mwaka. Hesabuni pande zote mbili.

Deni likifutwa baada ya miaka mingi ya malipo kulingana na kipato, msamaha wa kodi ya serikali kuu uliokuwapo tangu 2021 ulikoma Desemba 31, 2025. Kuanzia 2026 kiasi kilichofutwa kinahesabiwa kuwa kipato, na itakuja Fomu 1099-C, taarifa ya deni lililofutwa. Mwenye madeni kuliko mali anaweza kujitetea kwa Fomu 982. Msamaha wa wafanyakazi wa umma, PSLF, haumo kwenye kodi hiyo, wala deni lililofutwa kwa kifo au ulemavu wa kudumu.

Mkopo wa serikali usiolipwa kwa siku 270 huingia kwenye hali ya kushindwa kulipa, na sheria inairuhusu serikali kuyachukua marejesho yako ya kodi, pamoja na ile EITC uliyoisubiri. Kwa Parent PLUS, yanayochukuliwa ni ya mzazi. Mwenzi wa ndoa asiyehusika na deni anaweza kudai sehemu yake kwa Fomu 8379, na anaweza kuiambatisha moja kwa moja kwenye ritani ya pamoja bila kusubiri pesa ichukuliwe kwanza.